Nekropolitiki: Mbembe anavyomsoma upya Foucault

Nekropolitiki ni mamlaka ya kuamua nani aishi na nani afe, pamoja na uwezo wa kuwaweka watu wengi mahali ambapo kuishi kwao hakutofautiani sana na kufa. Neno lilienea kutokana na insha ya Achille Mbembe, mwanafikra wa Kameruni anayefanya kazi Johannesburg, iliyotoka mwaka 2003. "Nekros" kwa Kigiriki ni maiti. Wapo wanaosema "siasa za kifo", lakini neno siasa hutupeleka haraka kwenye vyama na kampeni, na hapa kinachozungumziwa ni mamlaka.

Huwezi kumwelewa Mbembe bila Michel Foucault, mwanafalsafa wa Kifaransa. Tarehe 17 Machi 1976, katika mhadhara wake Collège de France, Paris, Foucault alieleza kwamba mfalme wa zamani alikuwa na haki ya kufisha au kuacha mtu aishi. Tangu karne ya 18 hivi likajitokeza jambo la kinyume: kuhuisha, au kuacha mtu afe. (Kiswahili kinatufaa sana hapa, maana vitenzi kufisha na kuhuisha tunavyo tayari.) Dola ikaanza kuhesabu vizazi na vifo, kuchanja watu, kusafisha miji. Hiyo ndiyo biopolitiki.

Basi dola inayolea uhai inauaje? Foucault alijibu: kwa ubaguzi wa rangi, unaowagawa watu kati ya wanaostahili kuishi na wale ambao kifo chao kinadhaniwa kuwaletea wengine afya. Mfano wake mkuu ulikuwa Ujerumani ya Wanazi. Ukoloni aliugusa, akapita.

Mbembe anasimama hapo hapo Foucault alipopita. Anatupeleka kwenye shamba la watumwa. Mtumwa amepoteza kwao, amepoteza mwili wake, na mbele ya sheria si mtu. Hata hivyo ana bei, kwa hiyo analishwa. Anaachwa hai, lakini hai wa majeraha: mjeledi unampiga bila sababu ili hofu isipoe. Mamlaka ya namna hii haihuishi, wala haina haraka ya kufisha. Kwa Mbembe, biopolitiki peke yake haitoshi kuieleza, nami naona yuko sahihi. Ukianzia hospitali na sensa za Ulaya utaona sehemu tu ya dola ya kisasa, kwa sababu dola hizo hizo zilikuwa na makoloni, na huko kanuni za vita walizowekeana Wazungu hazikutumika.

Mbembe haitaji Vita vya Maji Maji katika insha hiyo, lakini msomaji wa kusini mwa Tanzania atavikumbuka. Kati ya 1905 na 1907 jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji na maghala ya nafaka, na njaa ikaua wengi kuliko risasi.

Mfano anaokaa nao zaidi ni Palestina inayokaliwa na Israeli. Anataja mizeituni inayong'olewa, nyumba zinazobomolewa, matangi ya maji yanayotobolewa kwa risasi. Tangi likitobolewa hafi mtu siku hiyo. Kinachouawa ni uwezekano wa kupika, kuoga, kunyweshea mche, na hapa ndipo dhana hii ina nguvu yake. Ndiyo maana siafiki kuita kila mauaji ya serikali nekropolitiki. Polisi akimpiga raia risasi tunayo maneno ya kutosha kwa hilo. Neno hili ni la maeneo ambayo Mbembe anayaita dunia za mauti, ambako umma mzima unaishi kama wafu walio hai.

Wala biopolitiki haiondoki: inafanya kazi bega kwa bega na nekropolitiki, hawa wakilelewa uhai na wale wakinyimwa. Huko Ukingo wa Magharibi, anaonyesha Mbembe, barabara za kasi, madaraja na mahandaki hupishana juu na chini ili walowezi wa Kiisraeli na Wapalestina wasikutane, ardhi ikiwa ile ile moja.