Kujifunza Kuigiza Ana kwa Ana na Mwalimu: Yanayodhaniwa na Ukweli Wake

"Kuigiza nako kunafundishwa? Si kipaji tu?" Swali hili humkuta karibu kila anayesema ametafuta mwalimu wa kumfundisha peke yake. Kipaji kipo, na hakuna mwalimu anayekigawa. Lakini mwenye kipaji akipanda jukwaani bila pumzi, sentensi ndefu inamkatikia njiani, neno la mwisho lenye uzito wote linamezwa, na aliyeketi safu ya nyuma haambulii kitu. Pumzi inafundishika. Mwalimu mzoefu atakulaza chali, uweke mkono tumboni usikie unavyoinuka na kushuka, mpaka mwili uache kuvuta hewa kwa mabega. Kampuni ya maigizo ya Royal Shakespeare Company ya Uingereza ilimchukua Cicely Berry mwaka 1969 awanoe sauti waigizaji ambao tayari walikuwa wakilipwa kwa kazi hiyo. Kama wao walihitaji, anayeanza asione aibu.

Dhana: mwalimu atafukua machungu yako ili ulie

Hii ndiyo inayowatisha wengi, na imewaumiza wengine. Chanzo chake ni mbinu ya kumbukumbu ya hisia, ambayo Mrusi Konstantin Stanislavski, mmoja wa waasisi wa Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898, aliwahi kuitumia: mwigizaji anarudi kwenye tukio la maisha yake mwenyewe ili aamshe hisia. Wanaoitaja hawamalizii habari. Miaka ya baadaye Stanislavski aliweka mkazo kwenye vitendo: mhusika anataka nini, na anafanya nini ili akipate? Mwaka 1934 mwigizaji wa Kimarekani Stella Adler alifanya naye kazi Paris, akarudi New York akisema wazi kwamba nguvu ya kuwaza na mazingira ya mhusika ndiyo yatangulie. Lee Strasberg, mwalimu mwingine wa uigizaji huko New York, hakukubali, akaendelea kufundisha kumbukumbu ya hisia. Walimu wa leo wanatofautiana vilevile, kwa hiyo muulize wako mapema anasimama wapi.

Mimi niko upande wa vitendo. Chukua mhusika anayekunja nguo za baba yake aliyefariki. Mwanafunzi akijikamua machozi, tunaona mtu anayejikamua machozi. Mwambie aache kulia, alikunje shati vizuri, afunge vifungo vyote, kama marehemu alivyopenda. Mkono ukifika kwenye kola ukasita kidogo, ukumbi mzima umeelewa.

Na hapa niseme bila kuzungukazunguka: somo hili ni la watu wawili chumbani. Mwalimu wa kweli huomba ruhusa kabla ya kukushika bega au mgongo kurekebisha mkao, wala hakulazimishi kusimulia siri za maisha yako. Ukikataa, anatafuta njia nyingine. Akikwambia kwamba msanii halisi hakatai kitu, ondoka. Mwanafunzi akiwa mtoto, mzazi au mlezi awepo.

Dhana: atakuonyesha namna ya kusema, nawe uige

Ukiiga, utabaki na kivuli cha sauti yake, na siku mwenzako jukwaani akibadilisha mwendo utakwama. Mwalimu mzuri huuliza kuliko anavyoonyesha. Unaongea na nani? Dakika moja iliyopita ulikuwa wapi? Mbona unamwambia leo, hukumwambia jana? Ndiyo maana uje umeshahifadhi maneno yako. Saa ikiishia kwenye kukumbushana mistari, maswali hayo hayafikiwi.

Dhana: masomo mawili matatu yatatosha kabla ya usaili

Kuchagua kipande kinachokufaa na kukisafisha, ndiyo. Sauti na mwili havibadiliki kwa wiki. Na anayekuahidi nafasi katika igizo anauza asichonacho, kwa sababu nafasi hutolewa na mwongozaji wa igizo hilo.

Dhana: ukiwa na mwalimu wako, kikundi cha nini?

Faida kubwa ya ana kwa ana ni jicho lisilogawanyika. Katika darasa la watu 20 hakuna atakayegundua kwamba unakaza taya kila mhusika wako anapokasirika. Mwalimu aliyekukabili peke yako ataliona hilo somo la kwanza. Lakini kuigiza ni kusikiliza. Zoezi mashuhuri la mwalimu wa uigizaji wa Marekani, Sanford Meisner, la kurudiarudia linataka watu wawili: mmoja anasema anachokiona kwa mwenzake, mwenzake anakirudia, wanaendelea hivyo mpaka maneno yabadilike yenyewe kwa sababu kuna kitu kimebadilika kati yao. Mwalimu anaweza kukusomea upande wa pili, ila hapo hapo anakupima, na mtu anayekupima hakujibu kama anavyokujibu mwigizaji mwenzako. Nenda kwa mwalimu, na jioni nyingine nenda kwenye mazoezi ya kikundi, ukosee mbele ya watu, kisha kosa hilo ulipeleke kwenye somo linalofuata.