Busta ya redio za zimamoto haifungwi kama antena ya tivii

Swali tunalopigwa sana na wenye majengo ni hili: kwani si nanunua tu kile kiboksi, fundi anafunga antena juu ya paa, basi? Hapana jamani, na kwa hapa Marekani ukifanya hivyo unaweza kula faini ya zaidi ya dola 100,000, sio utani, onyo lenyewe linabandikwa kwenye busta za aina hii ukisoma lebo yake.

Kwanza tuelewane shida iko wapi. Zege lenye nondo linakula mawimbi, basementi ndo usiseme, na vile vioo vya kisasa vya kuzuia joto vina utando mwembamba wa chuma, kwa hiyo jengo linapendeza kwa nje lakini kwa redio ni kama umejifungia ndani ya sufuria. Zimamoto akishuka chini na redio yake ya mkononi anamwita mkubwa wake aliyesimama nje, kimya. Busta kazi yake ni kudaka mawimbi kutoka antena ya paani, kuyapa nguvu na kuyasambaza ndani kwa kebo na antena ndogondogo za kwenye dari, alafu inarudisha sauti ya waliomo ndani kwenda nje.

Sasa hapo kwenye kurudisha nje ndo balaa linapoanzia. Mshawahi kuwa harusini MC akapita na maiki mbele ya spika? Ule mluzi unaopasua masikio, busta nayo inaupiga vilevile kama antena ya paani na za ndani zinasikiana, tofauti ni kwamba mluzi wake hausikiki kwa sikio, unatoka hewani kwenye masafa ya zimamoto na polisi na unaweza kuziba mnara unaohudumia mtaa mzima. Yaani umefunga kifaa cha kuokoa watu wa jengo lako umewakata redio wanaozima moto mtaa wa tatu. Ndo maana kanuni za zimamoto zinataka utengano kati ya antena hizo, yaani mawimbi yanavyodhoofika yakitoka moja kwenda nyingine, uzidi kwa desibeli 20 angalau kiasi ambacho busta inakuza mawimbi, na fundi anatakiwa apime, sio akadirie kwa macho.

Kwa hiyo kuna wakubwa wawili wa kuwasikiliza. Wa kwanza ni FCC, tume inayosimamia mawasiliano. Kwao masafa yana mwenyewe, na mwenyewe ni yule aliyepewa leseni, mara nyingi mji au kaunti. Wewe jengo ni lako ila masafa sio yako, huwashi kitu mpaka upate ridhaa yake, na ukishapata bado busta ni ya kuziba mapengo tu, huruhusiwi kurefusha eneo lake la huduma. Kanuni hizi zilipangwa upya mwaka 2013, na busta zina madaraja mawili: A inachagua chaneli zake moja moja, B inabeba mkanda mpana na kila kilichomo, majirani wote humo humo. Hiyo ya B lazima isajiliwe FCC kabla ya kuwashwa. Mimi binafsi ukiniuliza nitakwambia chukua A, bei imechangamka lakini utalala usingizi.

Mkubwa wa pili ni idara ya zimamoto ya mji wako, inayofuata kanuni ambazo mji umezipitisha, nyingi zinatokana na IFC, kanuni ya mfano ya usalama wa moto, kifungu cha 510. Hapo mawimbi yanatakiwa yafike asilimia 95 ya kila ghorofa, na miji mingi inadai nguvu isiyopungua hasi 95 dBm, hicho ni kipimo cha nguvu ya mawimbi. Ghorofa inagawanywa viboksi 20 hivi, mkaguzi anapita na redio kimoja baada ya kingine, na sauti isiwe ya kubahatisha, mtu aelewe bila kuhangaika sana. Boksi la mashine lisiingie maji, si mnajua zimamoto wakija wanamwaga nini. Betri kwa matoleo ya karibuni ikae saa 12, zamani ilikuwa 24. Na kila mwaka vinapimwa upya, betri ikipewa mzigo saa nzima.

Wengi wanaona huku kupima ni usumbufu. Haya, chukueni World Trade Center, yale majengo pacha ya New York. Baada ya bomu la 1993 pale palifungwa repita, mashine ya kudaka mawimbi na kuyarusha upya, ya kusaidia redio za zimamoto. Tarehe 11 Septemba 2001 mtu alibonyeza kitufe cha kwanza kule jengo la kaskazini, repita ikawaka, ila kitufe cha pili cha kuwasha mkono wa simu pale mezani hakikubonyezwa, wakubwa wakajaribu kuongea wakasikia kimya, wakaamua mashine ni mbovu wakaiacha. Mashine ilikuwa nzima! Siku ile walikufa zimamoto 343, na sisemi kitufe ndo kiliwaua, mambo yalikuwa mengi, ila siku hizi mfumo unakaa umewashwa muda wote na unaunganishwa na paneli ya kengele za moto, antena ikiharibika au betri ikishuka taa inawaka watu wanaona.

Kuna jengo moja tulilikagua, lilipita vizuri, mwaka uliofuata likafeli karibu ghorofa nzima. Kumbe wamebadilisha vioo vyote na hakuna aliyetuambia, alafu mafundi wa dari walikata kebo wakaificha juu ya bodi. Kwa hiyo ukibadilisha vioo, ukibomoa kuta au ukiongeza ghorofa, tupigie kabla hujafunga dari.