Je, wajua kwa nini kunakili faili za hifadhidata inayofanya kazi kunaweza kukupa nakala isiyofaa?

Msimu wa kahawa unapopamba moto Mbozi, karani wa chama cha msingi hukaa karibu na mizani tangu asubuhi, na kila gunia linalopimwa huandikwa mahali pawili katika kompyuta: kilo huingia kwenye jedwali la mapokezi, na fedha anazodai mkulima huongezwa kwenye jedwali la akaunti. Jirani yake, kwa nia njema kabisa, huchomeka flashi na kunakili folda nzima ya hifadhidata huku kazi ikiendelea.

Tuseme amenakili jedwali la mapokezi kuanzia saa 4:00 hadi saa 4:02. Saa 4:03 mkulima anapimiwa kilo 62. Saa 4:05 ndipo zamu ya jedwali la akaunti inafika, nalo tayari lina malipo ya kilo hizo. Nakala hiyo itaonyesha deni lisilo na gunia, yaani hali ambayo haikuwahi kuwapo hata kwa sekunde moja. Tena, mabadiliko mengine huwa bado yamo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, hayajafika kwenye faili za diski, na ukurasa mmoja wa data, ambao kwa kawaida katika PostgreSQL, mojawapo ya programu za hifadhidata, ni baiti 8,192, unaweza kunaswa nusu ukiwa mpya na nusu wa zamani.

Njia moja ya kuepuka hayo ni kuzima kwanza seva, yaani programu inayoendesha hifadhidata, jambo gumu wakati foleni ya wakulima imefika barabarani. Njia iliyo bora ni kutumia zana ya kunakili ya hifadhidata yenyewe, kama vile pg_dump ya PostgreSQL. PostgreSQL inapobadilisha safu mlalo ya jedwali haiifuti ile ya zamani papo hapo, bali huandika toleo jipya na kuliacha la awali kwa muda. Hivyo pg_dump husoma matoleo yaliyokuwa yamekamilika ilipoanza tu, hata kama kazi yake itachukua saa nzima, na karani haachi kuandika.

Hata hivyo, nakala ya usiku hairudishi kazi ya mchana. Hapo ndipo daftari la mabadiliko linapohitajika, kwa kuwa hifadhidata huandika kila badiliko humo kabla ya kugusa majedwali yenyewe. Tangu toleo la 8.0 la mwaka 2005, PostgreSQL huweza kuchukua nakala kamili ya faili iliyoandaliwa kwa utaratibu wake, kisha kurudia daftari hilo hatua kwa hatua na kusimama pale unapotaka. Mtu akitoa amri ya kufuta bila sharti saa 9:20 alasiri, mapokezi yote yakatoweka, unairejesha hali ya saa 9:19. Seva pacha, yaani ya pili inayoiga kila badiliko, haikuokoi hapo, maana ufutaji nao huigwa mara moja. Daftari hilo lisikae kwenye diski ileile. Likitumwa Mbeya mjini kila mara pamoja na nakala kamili, hata ofisi ikiibiwa, kazi ya siku haipotei.

Binafsi naona jaribio la kurejesha ndilo linalopuuzwa mno. Chukua kompyuta nyingine, rejesha nakala ya jana ya pg_dump, ukizingatia kwamba faharasa, yaani orodha za kuharakisha utafutaji, hujengwa upya na huenda ikachukua muda mrefu kuliko ulivyodhani, kisha jumlisha kilo za siku hiyo na uzilinganishe na stakabadhi za karatasi alizokata karani.