Mgeni ni nani? Dhana potofu kuhusu neno la kila siku

Wiki hii nimemrudishia mteja tangazo la mlangoni lililosema: "Wageni wote waoneshe pasipoti." Ofisi yake ilikusudia watu wa nchi nyingine, lakini msomaji yeyote wa Kiswahili angeelewa kwamba kila asiye mfanyakazi wa mle, hata raia aliyekuja kuonana na nduguye, anadaiwa pasipoti. Nilipomweleza, alinijibu kama walivyonijibu wengi kabla yake katika miaka yangu ya uhariri na tafsiri: mgeni ni mtu asiye raia. Jibu hilo limenichosha.

Kinyume cha mgeni ni mwenyeji. Neno hili halipimi hati za mtu, bali linaeleza uhusiano wake na mahali, watu au shughuli kwa wakati fulani, ndiyo maana raia wa kuzaliwa huwa mgeni anapohamia mtaa wa pili, huwa mgeni kazini hadi aizoee kazi, na anaweza kualikwa kuwa mgeni rasmi katika mahafali ya shule aliyosoma mwenyewe. Kwa upande mwingine, mwenye pasipoti ya nchi nyingine aliyekaa mtaani miaka 30 ni mwenyeji wa mtaa huo, na anayefika leo bila kujua njia humwuliza yeye. Wahenga waliposema "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe", walikuwa wanaonesha kwamba ugeni hukoma mtu anapoanza kushiriki kazi za wenyeji. Uraia haupatikani kwa kushika jembe. Kwa hiyo fomu, mikataba na matangazo yanayohusu uraia yaseme "asiye raia", bila kuona haya. Kila mwandishi ninayemhariri huwa nampa jaribio moja: kabla ya kuandika "mgeni", ajiulize mwenyeji wa mtu huyo ni nani, na akikosa jibu, atafute neno jingine.

Wapo pia wanaodai kwamba neno hili limetoka katika Kiarabu. Kiarabu kilitupa "ajinabi" na "gharibu", lakini "mgeni" ni la Kibantu, na ndugu zake wanasikika wazi katika "mũgeni" la Kikuyu na "omugenyi" la Kiganda.

Dhana nyingine ni kwamba "-geni" na "-a kigeni" hubadilishana nafasi. Kitabu kigeni ni kitabu usichokizoea, hata kama kimeandikwa na jirani yako, ilhali kitabu cha kigeni kimetoka nchi nyingine, hata kama umekisoma tangu utotoni. Tofauti yote imebebwa na "cha", ambayo waandishi wengi huidondosha wakidhani ni pambo. "Shule" lilitoka katika Kijerumani, hivyo kwa asili ni neno la kigeni, lakini hakuna mtoto anayezungumza Kiswahili ambaye kwake ni neno geni.