Utambulisho wa kimaeneo nchini Uganda: maana yake

Utambulisho wa kimaeneo ni hali ya mtu kujitambua, na kutambuliwa na wenzake, kwa sehemu ya nchi anakotoka: lugha, chakula, namna ya kusalimia, mtawala wa jadi anayemheshimu, na historia iliyowapata watu wake. Si sawa na kabila, ingawa wengi huvichanganya. Ukimwita mtu "wa kaskazini" umemweka Muacholi kapu moja na Mlugbara, hali lugha zao ni za jamii mbili tofauti. Wakikutana Arua au Gulu, miji ya kaskazini, huenda Kiswahili au Kiingereza ndicho kitakachowaelewanisha.

Uganda si nchi pana, ni kilomita za mraba kama 241,000 tu, lakini Katiba ya 1995, baada ya marekebisho ya 2005, inataja jamii asilia 65. Kwa kukadiria, Ziwa Kyoga na Mto Nile ndio mpaka: kusini na magharibi wengi husema lugha za Kibantu, kaskazini na sehemu ya mashariki kuna Waacholi, Walango, Wateso, Wakaramojong, Walugbara na wengine ambao si Wabantu.

Lakini mto peke yake haukuzaa tofauti hizi. Waingereza walizikuta falme kama Buganda na Bunyoro, wakaipa Buganda nafasi ya pekee kwa mkataba wa 1900. Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda, aliwatangulia kutawala upande wa mashariki, na Kiganda kikaingia huko pamoja na utawala na kanisa. Ndiyo maana hadi leo Mbale unanunua na kuuza kwa Kiganda. Pamba na kahawa zilikita zaidi kusini, na askari wakaandikishwa kwa wingi kaskazini. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi, hivyo Baganda wengi walikiona cha kambini, hasa baada ya miaka ya Idi Amin. Chuki hiyo inaniuma, kwa sababu lugha haikuwa na kosa. Falme zenyewe zilifutwa 1967 na kuanza kurudishwa 1993.

Tofauti inaonekana vizuri zaidi katika mambo madogo. Nenda Fort Portal, magharibi, kwa Batooro. Mbali na jina lake, kila mtu ana empaako, jina la heshima na mapenzi: Amooti, Akiiki, Adyeri, Abwoli na mengine machache. Salamu haikamiliki bila hilo. Ukimwita mtu mzima kwa jina lake tupu, amesikia ukavu wako kabla hujasema shida yako. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka mila hii kwenye orodha ya zile zinazohitaji kulindwa haraka. Ukipanda Gulu, kwa Waacholi, hakuna empaako. Utakaribishwa malakwang, mboga chachu iliyoungwa kwa odii, yaani ufuta na karanga zilizosagwa, kwa viazi vitamu. Kwa Bagisu, mlimani Elgon, ni malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi. Matooke, ambayo wageni hudhani ni chakula cha Uganda nzima, ni chakula cha kila siku hasa kwa Baganda na watu wa magharibi.

Kinachowatenganisha watu kuliko chakula ni kumbukumbu. Kwa familia nyingi za Masaka, upande wa Buganda, 1986, Museveni alipoingia madarakani, ni mwaka vita vilipoisha. Kwa Waacholi ndipo vilipoanza: vita vya kiongozi wa waasi Joseph Kony viliendelea huko kwa karibu miaka 20, na zaidi ya watu milioni moja wakaishi kambini. Mzee wa Gulu na mzee wa Masaka wakibishana siasa, kila mmoja anasema kweli ya kwao. Ndiyo maana watu huwahesabu marais kwa maeneo, Obote na Amin kaskazini, Museveni magharibi, na ndiyo maana kumwambia mtu "sahau kwenu, sisi sote ni raia wa Uganda" hakumsaidii.

Siku hizi mipaka hii inafifia mijini. Mtoto wa Kampala mwenye baba Mteso na mama Munyankole hucheza mtaani kwa Kiganda. Hata hivyo, akienda kujaza fomu ya kitambulisho cha taifa anaulizwa kabila na ukoo, na kwa kawaida huandika vya baba yake, hata kama hajawahi kulala Soroti, mji wa Wateso, usiku mmoja.