Tezi imevimba, daktari kaandika FNA: maswali mnayouliza sana

Swali: Nina uvimbe shingoni mwezi wa pili sasa, nimeandikiwa FNA. Ndo nini hiyo?

Ni kipimo cha kuvuta seli kutoka ndani ya tezi kwa sindano nyembamba, na ni nyembamba kweli, mara nyingi kuliko ile ya kutolea damu. Kinachotoka kinapakwa kwenye slaidi za kioo, kinatiwa rangi, alafu daktari wa patholojia anaangalia kwa hadubini. Tezi za limfu ni vituo vya kinga ya mwili, zikivimba ina maana zinapambana na kitu au kuna kitu kimeingia humo kikakaa, na kwa kubonyeza tu na vidole hata daktari mzoefu anakisia.

Swali: Kwani kila tezi ikivimba lazima ichomwe?

Hapana. Ile inayokuja na mafua, tonsili au jino bovu mara nyingi inanywea yenyewe ndani ya wiki chache. Ya kufuatilia ni iliyozidi sentimita 1 na wiki 4 zimepita haipungui, inayozidi kukua, iliyo ngumu haisogei, au una homa zisizoeleweka, jasho la usiku na unakonda. Na iliyoota juu ya mfupa wa mtulinga usiisubirie hata kama ni ndogo.

Swali: Inauma? Nalazwa?

Hulazwi, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Inauma kama sindano ya kawaida, kila mchomo ni sekunde chache, ila wanaweza kurudia mara 2 au 3 ili wapate seli za kutosha kwa hiyo usishtuke ukadhani wamekosea. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, warfarini kwa mfano, sema kabla hujachomwa.

Swali: Naambiwa uvimbe wa saratani ukichomwa sindano unasambaa, kweli?

Hii hofu inaniumiza sana manake watu wanakaa na uvimbe mwaka mzima kwa sababu yake. Seli za saratani kusambaa kupitia tundu la sindano nyembamba namna hii ni nadra mno. Saratani inayosambaa ni ile iliyoachwa bila kujulikana, na wakati huo mtu anazungushwa tu na antibayotiki moja baada ya nyingine.

Swali: Inaweza kuonyesha nini?

Mara nyingine ni tezi inayopambana na maambukizi ya kawaida tu. Mara nyingine ni saratani iliyotoka sehemu nyingine, tuseme koo au titi, ikafika kwenye tezi, na hiyo sindano inaikamata vizuri. Alafu kuna TB ya tezi, wengi hawaijui kabisa, wanadhani TB lazima ukohoe, kumbe unaweza kuwa nayo shingoni na kifua kikawa safi. Hapo sindano inaweza kutoa kitu kama usaha mzito au jibini laini, basi omba wasiishie kwenye slaidi, sehemu ya hicho kilichotoka ipelekwe kwenye GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya vimelea wa TB, au ioteshwe maabara, maana kwa hadubini peke yake vimelea wa TB wanaweza wasionekane na bado wapo.

Swali: Majibu yamesema hakuna saratani lakini tezi bado ipo. Nikae nayo?

Usikae nayo. Sindano inachukua seli chache tu, inaweza kupita pembeni ya penye tatizo, na limfoma, yaani saratani inayoanzia kwenye mfumo wa limfu wenyewe, ndo inaponyoka zaidi kwa sababu ili kuijua vizuri na kujua ni aina gani mara nyingi inabidi kuona tezi nzima jinsi seli zilivyojipanga. Kwa hiyo FNA ikija safi na uvimbe haupungui, au wameandika seli hazikutosha, rudi umuulize daktari wazi, turudie sindano au tuitoe tezi yenyewe ipimwe? Na kabla ya hapo usikubali kuanzishiwa prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ili tu uvimbe ushuke, utashuka kweli kwa muda lakini limfoma inaweza kujificha na kipimo kinachofuata kikakosa cha kuona.