Bahasha ya kaki haikupeleki serikalini

Wahitimu wengi Dar es Salaam bado huzunguka maofisi ya eneo la Posta na bahasha ya kaki, wakiamini ajira ya serikali huombwa kwa barua ya mkononi. Sivyo. Nafasi zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira huombwa mtandaoni kwenye mfumo wa Ajira Portal, ukijisajili kwa namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa). Inauma kuona watu wenye sifa wakichujwa kabla ya usaili kwa sababu barua waliyopakia haina sahihi, nakala za vyeti hazijathibitishwa na mwanasheria, au wamepakia karatasi ya matokeo ya kidato cha nne badala ya cheti chenyewe. Na ukifaulu usaili usipangiwe kituo, hujafeli: jina huhifadhiwa kwenye kanzidata kwa muda, nafasi ikitokea unapangiwa. Kwa hiyo usiitupe laini ya simu uliyojisajilia.